King'amuzi au kisimbuzi: kibao cha fundi kiandikweje?

Swali la leo limetoka kwa fundi wa tv na redio, yuko Tukuyu, Mbeya. Anasema kibao cha ofisi yake kimebanduka rangi (mvua za Rungwe mnazijua), anataka kukipaka upya, zamani kiliandikwa FUNDI KINGAMUZI NA MADISHI, sasa binti yake wa kidato cha pili kamwambia baba hicho sio Kiswahili, andika KISIMBUZI. Na wateja wote wakija wanasema king'amuzi. Amsikilize nani? Halafu kaongeza kaswali ka pembeni, kwa nini siku hizi hasikii tena mtu akilalamika tv ina chenga.

Ndaga fijo kaka (asante sana, kwa Kinyakyusa). Binti kakosea kidogo na wewe umekosea kidogo, ila makosa yenu hayafanani.

King'amuzi ni Kiswahili kabisa. Limetoka kwenye kung'amua, kuligundua jambo lililokuwa limejificha, kama mama anavyong'amua mtoto hakufika shule kwa kumwangalia viatu tu. Neno lilishika moto kipindi kile mitambo ya tv ya analojia, ile ya zamani, inazimwa kupisha dijitali, Dar walizimiwa usiku wa 31 Desemba 2012, Mbeya ikafuata 2013, na ukitaka kuendelea kuangalia taarifa ya habari ilibidi ununue hicho kidude, sasa kitu ambacho kila nyumba inakitafuta kwa wakati mmoja hakisubiri wataalamu wakae kikao cha kukipa jina.

Kisimbuzi ndo la kitaalamu zaidi, na mimi nalipenda, nitasema kwa nini. Kuna msimbo, yaani alama zilizopangwa kubeba ujumbe. Kusimba ni kuuweka ujumbe kwenye hizo alama (usimtafute simba wa Ruaha humo, hayupo), kusimbua ni kuutoa. Ile -ua ya mwisho inafumua kilichofanywa, funga fungua, ziba zibua, kunja kunjua. Nyie wa Nyanda za Juu mnayo nyumbani, Mbena akifunga mlango kitenzi chake ni dinda, akiufungua ni dindula, ile L Kiswahili kiliimeza zamani sana. Ila haikupotea moja kwa moja maana ukitengeneza jina inachungulia ikiwa imevaa Z: chagua uchaguzi, nunua mnunuzi, ng'amua king'amuzi, simbua kisimbuzi. Kwa hiyo maneno yenu yote mawili yamechongwa kwa kipimo kimoja, binti akisema moja sio Kiswahili amejikata na lake.

Tofauti ipo kwenye kazi yenyewe. Kwenye dijitali picha na sauti zinageuzwa namba, zinabanwa, chaneli kadhaa zinafungwa pamoja kwenye masafa ambayo zamani yalibeba chaneli moja tu, na kile kidude nyumbani kwako kinafungua huo mzigo. Hakigundui kitu, hakina akili ya mama. King'amuzi kimesifiwa kuliko kinachofanya. (Hayo masafa yaliyobaki wazi ndo sehemu yake ikapewa intaneti ya simu, kuhamia dijitali nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 na ukomo wa analojia ukawekwa 17 Juni 2015, sisi tukawahi. Kwa hiyo ukiona bando linashika vizuri kijijini, huenda linapita kwenye njia iliyoachwa na tv ya babu.)

Kosa lako wewe sasa. Umeandika KINGAMUZI bila ritifaa, kale kakoma ka juu. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe ni sauti mbili, bila ritifaa tunasoma ki-ngamuzi, na hakuna kitenzi ngamua. Watu wanaandika hivyo kwenye simu kwa sababu kukatafuta kwenye kibodi ni usumbufu, sawa, ila kibao cha biashara hakiandikwi kwa haraka.

Kuhusu chenga, hilo neno limetoka jikoni, ni zile punje za mchele zilizovunjika, hata mchele wa Kyela unazo usipochambuliwa. Tv ya analojia mawimbi yakipungua picha ilififia taratibu, ikajaa punje nyeupe, mmoja yuko nje kashika mti wa antena, mwingine dirishani anapiga kelele geuza, geuza, hapo hapo, aah umepitiliza! Dijitali haina ule ukatikati. Mawimbi yakitosha picha inakuwa safi, yakipungua kidogo inakatika vipande vya mraba, inaganda, kisha giza. Ndo maana wateja wako wanakwambia fundi inaganda, au inakwamakwama, wako sahihi, wanasema walichokiona. Chenga zimebaki kwenye mchele, kwenye mpira na kwa yule jamaa tunayemwita chenga kwa sababu hana analolijua. Dishi nalo limepata kazi ya pili, likiyumba ni la kichwani.

Kibao? Andika FUNDI VING'AMUZI NA MADISHI, maana mteja anayeshuka kwenye daladala analitafuta neno lililo mdomoni mwake, na kwenye risiti andika visimbuzi binti afurahi. Na kama mchoraji wako anatoza kwa herufi, hesabu vizuri, VING'AMUZI na VISIMBUZI kila moja lina herufi 9, asikudai ya kumi kwa ajili ya ritifaa.