Milango Mitano ya Fahamu Katika Darasa la Awali: Anza na Sikio, Jicho Lingoje

Katika madarasa mengi ya awali hapa Dar es Salaam, somo la milango ya fahamu huanzia ukutani na kuishia ukutani. Kuna bango lenye picha ya jicho, sikio, pua, ulimi na mkono. Mwalimu anagusa picha kwa fimbo, na watoto wanaitikia kwa pamoja kwamba pua hunusa na ulimi huonja. Lakini mtoto wa miaka minne anaweza kuitikia hivyo muhula mzima bila kunusa chochote, na ukimwekea karafuu mezani atasema ameitambua kwa pua, ilhali ameiona tu. Katika miaka niliyofundisha watoto wa umri huu, kanuni moja imenisaidia kuliko vifaa vyote: mpe mtoto swali ambalo mlango mmoja tu wa fahamu unaweza kulijibu, kisha ile mingine uifunge.

Ndiyo maana sianzi na macho, kwa sababu jicho huwahi kujibu hata pale ambapo halikuulizwa. Naanza na masikio. Waketishe watoto kivulini, wafumbe macho, na kila mmoja awe na kopo na kokoto chache, kubwa kiasi cha kutoweza kuingia puani wala kumezwa. Kila akisikia sauti mpya, anatia kokoto moja ndani ya kopo. Dakika mbili zinatosha kabisa. Mwanzoni watataja bodaboda na kunguru, basi; usiridhike, waulize zaidi. Wachuuzi wa jiji hili wengi hawana haja ya kupaza sauti: muuza kahawa hugonganisha vikombe, muuza karanga na sigara hutikisa sarafu kiganjani, na fundi viatu hugonga kisanduku chake cha mbao. Watoto wa Tandale au Mbagala wanazijua sauti hizi kabla ya kujua herufi, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Msichana mmoja darasani kwangu, ambaye kwa kawaida hakuwa mwongeaji, alisema bila kufumbua macho, “Wa kahawa amesimama.” Nilipomuuliza amejuaje, akajibu, “Vikombe vinalia palepale, haviji.” Tangu hapo swali langu halikomei kwenye jina la sauti, nauliza pia iko upande gani, na kama inakuja au inaondoka.

Baada ya hapo watoto wako tayari kwa chupa za sauti. Chukua chupa ndogo za maji, ujaze kila jozi kitu kimoja hadi robo: mbili mchele, mbili maharage, mbili mchanga, mbili kokoto. Zifunike zote kwa karatasi ili ndani kusionekane, na vizibo uvibane kwa gundi. Mtoto anatikisa na kutafuta mwenzi wa kila chupa. Daktari wa Italia Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo, Nyumba ya Watoto, mjini Roma mwaka 1907, alitumia visanduku vya sauti vilivyofuata mtindo huohuo wa kulinganisha jozi, na sijaona sababu ya kuubadilisha. Mchele na mchanga ndio humfikirisha mtoto zaidi. Kwa hiyo anza na jozi zinazotofautiana sana, uje kwenye hizo baadaye.

Kwa pua, tumia vitu vizima visivyo na vumbi: karafuu, iliki, kijiti cha mdalasini, jani la mchaichai lililofikichwa, ganda la ndimu, kipande cha sabuni. Viweke katika vikopo vilivyotobolewa matundu kwenye vifuniko. Pilipili manga iliyosagwa na unga wa viungo viache jikoni, kwani mtoto hunusa kwa nguvu zake zote na vumbi litamwingia kifuani. Vilevile usipulize manukato darasani, hasa ukijua kuna mtoto mwenye pumu. Usizidishe harufu tatu au nne kwa mara moja, kwa sababu pua huzoea haraka na majibu yanayofuata yanakuwa ya kubahatisha. Jambo jingine ambalo sina mzaha nalo ni vyombo vyenyewe. Usitumie kopo la dawa wala chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa, hata kama imeoshwa, maana hatutaki kumzoesha mtoto kwamba kila chupa inayookotwa ni ya kunusa na kuonja.

Somo la ulimi ndilo linalohitaji maandalizi zaidi. Waulize wazazi mapema kuhusu mzio, nawisheni mikono kwa sabuni, na kila mtoto awe na kijiko chake. Karanga nzima na pipi ngumu zisiwepo, kwa kuwa humkaba mtoto mdogo kwa urahisi. Sukari, chumvi, ndimu na kipande kidogo cha nyanya chungu vinatosha kwa ladha nne. Ladha ya tano, umami, ambayo mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908, wanaikuta kwenye mchuzi wa dagaa, nao huielezea kwa kulamba midomo. Pilipili, kwa upande wake, si ladha: ule ukali ni hisia ya kuungua. Ukakasi wa ndizi mbichi nao wengi wa wataalamu huuhesabu kuwa ni mguso, kinywa kinahisi kukauka na kukwaruza. Watoto wenyewe hulibaini hili wakipewa nafasi, mmoja aliniambia ndizi ile “inashika meno.”

Ukikutana na ule mchoro unaogawa ulimi, utamu kwenye ncha na uchungu nyuma, uache. Ulitokana na kazi ya Mjerumani David Hänig ya mwaka 1901, ambayo ilionyesha tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi, na waliokuja baadaye wakazikuza kupita kiasi. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huhisi ladha zote. Badala ya mchoro, chemsha maji yenye sukari na kijiti cha mdalasini, yapoe kabisa, kisha kila mtoto abane pua na kunywa kijiko kimoja. Atasema ni matamu. Aachie pua, na papo hapo mdalasini utamfikia. Hakuna maelezo yangu yanayomfundisha mtoto uhusiano wa pua na ulimi kama kijiko hicho.

Kwa ngozi, shona mfuko wa khanga utie dodoki, kifuu, kipande cha msasa, usufi na kijiko cha chuma. Mtoto anaingiza mkono, anaeleza anachohisi kabla ya kukitaja, na wenzake wanakisia. Mfuko ni bora kuliko kumfunga mtoto kitambaa usoni, jambo ambalo huwatisha wadogo na wakati mwingine huwaliza. Mabeseni matatu nayo yanafaa: la maji ya friji, la maji ya vuguvugu na la maji ya bomba. Mkono mmoja unakaa kwenye baridi na mwingine kwenye vuguvugu kwa muda mfupi, kisha yote miwili inaingia kwenye maji ya bomba. Mkono mmoja unasema ni ya moto, mwingine unasema ni ya baridi, na darasa zima linapata ubishi wa kutosha hadi saa ya uji.

Macho nayafundisha mwisho, tena kwa kifupi: sinia lenye vitu sita, linafunikwa, kimoja kinaondolewa, nani anajua kilichokosekana.

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iifanye elimu ya awali kuwa ya lazima, madarasa mengi yamejaa, na mwalimu atauliza haya yote yatawezekanaje kwa watoto wengi hivyo. Wagawe katika makundi: kundi moja liwe na chupa, wengine wachore au wacheze nje, kesho mnabadilishana. Kundi dogo lina faida nyingine, kwani hukuwezesha kumwona mtoto asiyegeuka anapoitwa kutoka nyuma, au anayekaribiza kila kitu machoni. Wewe si daktari, basi usimpe mzazi jina la ugonjwa. Mweleze ulichokiona, siku ulizokiona, na umshauri ampeleke mtoto kupimwa masikio au macho.

Vifaa vikague kila mwezi. Mdalasini hupoteza harufu kwa joto letu, na mchele ndani ya chupa hupata fukusi hata ukiwa umefungwa vizuri, hasa wakati wa masika. Ukianza kutoa unga, wamwagie kuku na ujaze mwingine.