Maswali ya wasomaji: Ipeleke pawabenki yako buchani

Barua za mwezi huu nimezisomea dirishani, mlima Loleza ukiwa umefunikwa na ukungu. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kweli? Nimechagua tano.

*Shikamoo fundi. Mimi ni kondakta wa daladala, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi usiku. Nimenunua pawabenki imeandikwa mAh 50,000. Simu yangu ni ya mAh 5,000, kwa hiyo nilitegemea kuichaji mara kumi. Inajaza mara moja, ya pili haimalizi. Muuzaji anasema simu yangu ndiyo mbovu. Je, ni kweli?* (Kondakta, Uyole)

Marahaba mwanangu. Simu yako ni nzima. Hiyo mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Kesho ukipita buchani, mwombe muuza nyama akupimie hiyo pawabenki kwenye mizani yake ya kidijitali, kisha tupige hesabu.

Pawabenki nyingi za bei ya chini zina betri za duara zinazoitwa 18650, kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Moja ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi. Iliyo bora kabisa katika aina hiyo inabeba kama mAh 3,500. Ili ufike 50,000 unahitaji betri 15 za daraja la juu, yaani gramu 700 kabla hujaweka plastiki na saketi. Yako ikisoma gramu 230, humo ndani kuna betri nne, nazo hata zingekuwa mpya na bora zisingevuka 14,000. Nilizowahi kufungua mezani kwangu zilikuwa na betri kuukuu zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani, kila moja imebakiwa na chini ya nusu ya nguvu yake.

Mizani ina upande mmoja tu wa kuaminika. Ikiwa nyepesi, uongo umethibitika. Ikiwa nzito, bado hujajua kitu, maana nimewahi kufungua moja nikakuta kifuko cha mchanga kimegundishwa pembeni ya betri mbili. Niliumia sana siku ile, kwa sababu aliyeniletea alikuwa kijana wa bodaboda aliyedunduliza wiki tatu kuinunua.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo si wizi, na ni haki muuzaji mwaminifu asilaumiwe kwayo. Hata pawabenki ya kweli ya 10,000 haikupi 10,000. Namba hiyo imepimwa kwenye volti 3.7 za betri, na tundu la USB linatoa volti 5. Nguvu iliyomo ni wati-saa 37 (10,000 mara 3.7, gawanya kwa 1,000). Igawe kwa 5, uirudishe kwenye mAh, unabaki na 7,400, halafu kugeuza volti kunakula sehemu nyingine inayopotea kama joto. Simu yako ingejaa mara moja na nusu hivi. Kwa hiyo tafuta alama ya Wh, yaani wati-saa. Mtengenezaji mkweli huiandika, mara nyingi kwa maandishi madogo mgongoni. Mashirika ya ndege yanaruhusu abiria kuingia na pawabenki isiyozidi Wh 100 bila kibali maalumu, nayo ni sawa na mAh 27,000 kwa volti 3.7. Ndiyo maana wenye majina yao sokoni hukomea hapo kwa zile za mkononi. Ukiona 50,000 inayoingia mfuko wa shati, rudisha kabla hujalipa.

Na tafadhali, usiiache juu ya dashibodi jua likiwa kali. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena hata kama bado inawasha taa.

*Kamwene kaka. Nina steshenari Mafinga. Nalipia intaneti ya Mbps 20. Nilipakua faili la MB 700, nikatazama saa: dakika nne na sekunde hamsini. Kwa akili yangu 700 gawanya kwa 20 ni sekunde 35! Halafu jirani yangu anasema sisi wa huku tutachelewa daima kwa sababu waya wa baharini uko Dar. Nimeibiwa au ni umbali?* (Mama Steshenari, Mafinga)

Kamwene dada. Nimefurahi kwamba ulitazama saa. Wateja wengi huniambia "mtandao unasumbua" na hawana hata dakika moja waliyoihesabu.

Hukuibiwa. Kwenye Mbps, herufi b ndogo ni biti. Kwenye MB, herufi B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti nane. Mbps 20 ni sawa na MB 2.5 kwa sekunde. 700 gawanya kwa 2.5 ni sekunde 280, dakika nne na sekunde arobaini. Umepungukiwa sekunde kumi, nazo ni za kawaida kabisa. Lawama yangu ni kwa wanaotangaza: wanajua fika kwamba faili la mteja limeandikwa kwa baiti, wakachagua kipimo chenye namba kubwa.

Jirani yako mjibu hivi. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar hadi Mafinga ni kama kilomita 580 kwa barabara, na mwanga unazimaliza kwa milisekunde tatu. Hata kupepesa jicho kunachukua muda mrefu zaidi. Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba ya nchi, umefika huku kwetu na unaendelea hadi mipaka ya Zambia na Malawi. Umbali wa kutoka pwani tulishaushinda, na napenda kila mtu wa Nyanda za Juu alijue hilo, tuache kujiona watu wa mwisho wa waya.

Ambao hawakuwahi kusubiri hawajui tulikotoka. Kabla ya 2009, tulipokuwa tunalipia kwa dakika kwenye intaneti kafe hapa Mbeya, data ilipanda hadi setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta ndipo ikashuka. Ombi na jibu vilikula nusu sekunde kabla hata herufi moja haijatokea kwenye kioo. Mwaka huo waya wa baharini wa SEACOM ukafika Dar, na 2010 ukafuata wa EASSy.

Udhaifu uliobaki tuliuona tarehe 12 Mei 2024, nyaya zote mbili zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Zilikuwa nyaya mbili, ila zilipita njia moja, kama mtu aliyebeba noti zake zote mfuko mmoja akaenda stendi. Tangu siku ile nasema kwa yeyote mwenye kunisikiliza: huduma zetu za ndani, malipo, matokeo ya mitihani, magazeti, zikae kwenye seva zilizo hapa nchini, ili nyaya za nje zikikatika mtu wa Mafinga na mtu wa Njombe waendelee kuonana.

Sasa pima tena mara mbili, saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, ukiwa umekaa palepale. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya, mnara umeelemewa na watu. Zikiwa mbaya zote mbili, tazama ruta yako iko wapi. Kama iko nyuma ya rafu za chuma, isogeze. Na kama unatumia Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5 chumba cha pili, rudi kwenye 2.4. Yana spidi ndogo zaidi, lakini yanavumilia ukuta wa tofali la kuchoma.

*Mwanangu, king'amuzi changu kinakata picha kila mvua ikinyesha, na wewe unajua mvua ya kwetu. Mafundi watatu wamekula hela yangu.* (Mzee, Tukuyu)

Shikamoo mzee wangu. Dishi dogo linapokea masafa ya gigahezi 10 hadi 12 na kitu, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita mbili na nusu tu. Matone makubwa ya mvua yanalinyonya na kulitawanya. Yale madishi ya zamani ya futi sita hutumia masafa ya gigahezi 4, wimbi la sentimita saba na nusu, ndiyo maana mvua haiyasumbui hivyo. Mvua ya Rungwe ikiwa nzito, picha itakatika kwa yeyote mwenye dishi dogo, hakuna fundi wa kuizuia. Ikikata kwa manyunyu tu, hapo dishi limesogea au maji yameingia kwenye kiungio cha waya, na hilo linarekebishika. Dishi la sentimita 90 badala ya 60 litakuongezea uvumilivu. Kabla ya kumwita fundi wa nne, mzee wangu, angalia kama mgomba haujakua ukainamisha jani mbele ya dishi. Jani lililolowa ni ukuta.

*Asubuhi za Juni simu yangu inazima ikiwa na asilimia 30. Mchana iko sawa. Betri imekufa?* (Mkulima wa viazi, Makete)

Imechoka kidogo, haijafa. Baridi inapunguza mwendo wa umeme ndani ya betri, volti inashuka ghafla, simu inadhani imeisha. Ibebe mfuko wa ndani karibu na mwili. Usiichaji ikiwa imeganda kwenye nyuzi chini ya sifuri, maana hapo inaharibika moja kwa moja. Na usiipashe moto jikoni.

*Shule yetu ina kompyuta 12 za msaada, zina Windows 10. Tumeambiwa muda wake umekwisha na hazipokei Windows 11, tuziondoe. Wanafunzi 400 wanazitegemea.* (Mwalimu, Mbozi)

Mwalimu, nakuomba msitupe hata moja.

Ni kweli Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka 2017. Mashine ya 2015 yenye afya njema inaachwa nje kwa sharti hilo, na mimi naona ni uonevu kwa shule kama yenu.

Weka Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Ni bure, na inatosheka na RAM ya GB 4. Pakua mara moja, iandike kwenye flashi ya GB 8, na flashi hiyohiyo ihudumie mashine zote 12. Ndani yake mna LibreOffice, programu ya kazi za ofisi inayofungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Weka na Kiwix, inayobeba Wikipedia yote ya Kiswahili bila intaneti, ili mwanafunzi asome hata siku bando limeisha. Mkipata fedha kidogo, badilisheni diski za kuzunguka kwa SSD ndogo, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka, kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Hakuna badiliko jingine ambalo mtaliona kwa macho kama hilo.

Anza na mashine moja Ijumaa mchana. Nakili kwanza kazi za wanafunzi kwenye flashi nyingine, kisha washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ujaribu kipanya, sauti na printa. Vyote vikiitika, ndipo usakinishe.