Fomu zote zimerudi na nyota tano, halafu wapangaji wakahama: wanapimwaje?

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa. Uko Nairobi, vyumba vya familia viko Malindi. Ulimtumia fomu kijana anayekutunzia ploti akazigawa, zikarudi zote nyota tano, na mwezi haujaisha watatu wakafungasha virago. Sasa wataka kujua fomu ilikosea wapi, imani ya mpangaji hupimwaje, na kama ununue programu ya kulipia kila mwezi ya kupimia haya. Mimi nasimamia nyumba za mamangu mdogo, nyingine Maweni, nyingine upande wa Barani, kwa hiyo nitasema niliyoyaona huko.

Kwanza, aliyezigawa. Mtunza ploti ndiye anayefungulia maji, ndiye anayejua nani ana deni, ndiye anayeona mgeni wa usiku. Ukimpa mtu fomu kwa mkono wa huyo huyo, ataandika nini? Hata kutoandika jina hakusaidii. Kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, choo cha uani kikilalamikiwa inajulikana ni mmoja wa wale wanne wanaokitumia. Tena kwetu Pwani mwenye nyumba akikuuliza hali, unamjibu nzuri, alhamdulillahi, hata kama usiku umelala na beseni la kukinga maji juu ya kitanda. Hiyo ni adabu tu, mtu hakukudanganya.

Pili, umechanganya kuridhika na kuamini. Kuna mpangaji anayekipenda chumba chake kwa upepo na ukaribu wa soko, lakini wewe mwenye nyumba hakuamini hata kidogo. Na kuna anayekaa chini ya bati linalochemka, maji ya kisima yana chumvi, na hahami, kwa sababu ukimwambia fundi atakuja Alhamisi, fundi huja Alhamisi. Nyota zinakuambia habari ya huyo wa kwanza. Kilichokupotezea watu watatu hukukiuliza.

Uingereza walilitenganisha jambo hili baada ya msiba. Jengo la Grenfell Tower, London, liliungua Juni 2017, wakafa watu 72, na kikundi cha wakazi kilikuwa kimeonya mapema kuhusu usalama wa moto. Tangu Aprili 2023 mdhibiti wa nyumba za jamii huko anataka vipimo 22: 12 kutoka vinywani mwa wapangaji, kama vile je, mwenye nyumba husikiliza na kuchukua hatua, je, hukutendea haki na kukuheshimu, na 10 kutoka kwenye rekodi za mwenye nyumba mwenyewe, kama matengenezo yaliyokamilika kwa muda na ukaguzi wa moto. Hizo ni nyumba za halmashauri na mashirika, si za watu binafsi kama sisi, lakini mpango wenyewe nimeuiba bila haya: nusu mdomo, nusu daftari, kisha unaviweka pamoja. Mdomo ukisema vizuri na daftari likisema vibaya, jua mdomo unaogopa.

Daftari langu ni la kawaida la mistari. Kila hitilafu naandika siku iliyoripotiwa, aliambiwa nani kwanza, siku iliyotengenezwa, na kama mpangaji alipewa habari kabla fundi hajabisha hodi. Ninachokitazama zaidi ni ukubwa wa hitilafu siku inaporipotiwa. Anayekuamini hukuambia koki inadondosha, kitasa kimeanza kulegea. Asiyekuamini hunyamaza mpaka ukuta wa jirani umelowa, kwa kuwa anahofu utamwambia yeye ndiye aliyeharibu na utamkata pesa ya depoziti akihama. Na Malindi chumvi ya bahari inakula bawaba, kufuli, misumari ya mabati, kila kitu. Ploti isiyo na lalamiko hata moja la kutu kwa mwaka mzima, mimi huishuku. Vitu havikuacha kuharibika. Watu wameacha kusema.

Tazama kodi pia, lakini kwa akili. Anayekuamini hukupigia tarehe 28: “Dada, mwezi huu nitachelewa, hotelini tumepumzishwa.” Asiyekuamini huzima simu tarehe 5. Ujumbe wa M-Pesa unakupa tarehe za kila mtu bila kumuuliza. Ila usilinganishe Mei na Januari. Kusi likianza kuvuma wageni wanaondoka, hoteli nyingine zinafunga, bahari inachafuka, na nusu ya wapangaji hawana kazi. Mei ilinganishe na Mei ya mwaka jana. Tofauti yenye maana ni nani anakwambia na nani anajificha.

Maji nayo utalaumiwa kwa lisilo lako. Maji ya mji yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na pampu zikisimama mfereji wako unakauka kama wa kila mtu. Mpangaji hakudai ukatengeneze Baricho. Anachotazama ni kama ulimtumia ujumbe akajaza mitungi mapema, au alijua akiwa na sabuni machoni.

Sasa kuuliza kwenyewe. Tafuta mtu asiye jamaa yako wala wa mtunza ploti. Sisi humlipa kijana wa chuo asiyejulikana mtaani. Aulize yaliyotokea, aache habari za unajisikiaje. Mara ya mwisho kitu kiliharibika, ulimwambia nani kwanza? Alikuja lini? Dada yako akitafuta chumba, utamleta hapa? Na swali ninalolithamini kuliko yote: ukihama mwezi ujao, unatarajia kurudishiwa depoziti yote, nusu, au basi tena?

Mama mmoja Barani, kila kitu kwake kilikuwa kizuri, maji mazuri, majirani wazuri. Alipoulizwa hilo la mwisho akacheka. “Depoziti? Hiyo nishaisahau, mwanangu. Nilikotoka iliishia kwenye rangi.” Kwetu hakuwa amedhulumiwa hata shilingi, kutoamini alikuja nako. Tangu hapo mtu akiingia tunapiga picha kuta, koki na madirisha mbele yake, na gharama ya rangi inaandikwa kwenye mkataba kabla hajalipa. Hata hivyo majibu hayakubadilika mpaka jirani yake alipohama na pesa yake mkononi. Habari hiyo ilizunguka uani siku hiyo hiyo.

Usishangae woga wenyewe. Baraza la kodi za makazi, linaloamua ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, lilitungiwa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wa juu ya hapo akikosana nawe ni mahakamani au ni kuhama, na wengi huhama kimya kimya, kama watatu wako.

Hao watatu ndio wa kuanza nao. Warudishie kwanza kilicho chao, acha wiki mbili zipite, halafu yule kijana wa chuo awapigie. Aliyekwishahama na kulipwa hana cha kuogopa, na mara nyingi atakutajia jambo moja ambalo waliobaki wote wanalijua.

Asilimia sahau. Kwa vyumba kumi na viwili mtu mmoja tu ni zaidi ya asilimia 8, akiamka vibaya grafu yako yote inapinda. Soma jibu moja moja. Na majibu hayo usiyabandike kwenye kundi la wasapu la ploti, wala usimsomee mtunza ploti. Mbali na kwamba kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, ukifanya hivyo mara moja hutapata jibu la kweli tena.

Ile programu ya kulipia kila mwezi uliyoulizia, mimi singenunua. Kwa vyumba vyako daftari na simu vinatosha. Ukifika nyumba hamsini tuzungumze tena.