Piki mpya kwenye amoksilini, nitaijuaje jina?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko mazoezini maabara ya kiwanda cha dawa, tunapima uimara wa kapsuli za amoksilini, zimekaa kwenye chemba ya joto 40°C na unyevu 75%. Mwezi wa tatu HPLC (mashine inayotenganisha vitu vilivyomo kwenye dawa, kila kimoja kinachora mlima wake, yaani piki) imetoa piki mbili ndogo kabla ya piki kubwa, mwanzo hazikuwepo kabisa. Bosi anataka majina, naanzia wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya majina hakikisha hizo piki zimetoka kwenye kapsuli na sio kwenye kichupa chako cha mashine, maana amoksilini ikishayeyushwa inaanza kuvunjika hapohapo na sampuli ikikaa masaa kwenye trei ya joto utaona uchafu (vitu vinavyotokana na dawa kuvunjika) ambao mgonjwa hatokuja kuumeza. Andaa sampuli mpya, trei iwe kwenye baridi ya 5°C hivi, ipime kwenye HPLC mara moja halafu rudia ileile baada ya masaa kadhaa, piki zikikua ujue tatizo ni lako la maabara.

Zikibaki vilevile basi ivunje dawa makusudi, chukua amoksilini safi weka kwenye asidi, nyingine kwenye alikali, nyingine joto, uone ipi inatoa piki za muda uleule. Mimi kwa maelezo yako nahisi maji yamefungua pete ya beta-laktamu, na hiyo ndo pete inayoua bakteria, ikifunguka dawa haifanyi kazi tena na kilichobaki, asidi ya amoksisiloiki, ni jamii ya vitu vinavyohusishwa na mzio wa penisilini. Uhakika utaupata kwenye LC-MS, yaani HPLC iliyounganishwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli: amoksilini inasoma 366, ikiongezewa maji inasoma 384, ikishapoteza kaboni dayoksaidi inasoma 340. Na usishtuke piki zote mbili zikisoma 384, hiyo asidi ina maumbo mawili yenye uzito mmoja, usimwandikie bosi kama uchafu wa aina mbili tofauti.

Inayosumbua kweli ni diketopiperazini, uchafu mwingine ambao ni amoksilini iliyojipanga upya. Yenyewe inasoma 366 kama dawa yenyewe, ila kawaida inatoka baada ya piki kubwa, hapo uzito peke yake hausaidii, linganisha na sampuli rejea (diketopiperazini safi inayojulikana) au vipande vyake kwenye MS/MS, kipimo kinachovunja molekuli na kupima uzito wa vipande.

Halafu piga hesabu: dawa ikishuka 5% na uchafu wote unaouona ni 1%, kuna kitu hukioni bado, labda mashine yako haikioni vizuri au kimenasa ndani yake bila kutoka.