Boyhood ilidhulumiwa?

SWALI: Shikamoo dada. Juzi tumeitazama Boyhood. Mume wangu anasema hakuna linalotokea humo, mimi nimelia. Kwa nini haikupewa Oscar ya filamu bora?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwaka 2015 iliteuliwa mara 6 ikaambulia tuzo 1, ya Patricia Arquette, aliyecheza mama. Filamu bora ikawa Birdman. Tuzo za BAFTA za Uingereza na Golden Globe za Marekani zilikuwa zimeshaipa Boyhood heshima yake, na bado inaniuma: mwongozaji wake, Richard Linklater, alimfuata na kamera mtoto yuleyule, Ellar Coltrane, kwa miaka 12! Nadhani wapiga kura wa Oscar, ambao kundi lao kubwa ni waigizaji, walijiona wenyewe katika Birdman, hadithi ya mwigizaji anayehangaika kurudisha jina lake.

Mwambie shemeji arudie pale kijana anapofungasha kwenda chuo. Mama yuko mezani, analia kwamba alidhani maisha yangekuwa na zaidi ya hayo. Nilimkumbuka mama yangu siku nilipokwenda bweni. Alilikagua kufuli la sanduku langu la bati mara mbili, kisha akaingia jikoni bila kuniaga.