Muulize mgeni anapanda ndege gani

Machi 2020 nilikuwa nimemaliza kuezeka makuti mapya kwenye nyumba yangu ya wageni hapa Jambiani, Zanzibar. Vyumba sita tu. Pesa ya makuti ilitoka kwenye arubuni za wageni wa Julai. Mwezi uleule, kwa sababu ya korona, Zanzibar ikasimamisha ndege kutoka Italia, na Aprili Tanzania nzima ikafunga safari za abiria za kimataifa. Wageni wakaanza kudai chao, nami chao nakiona kule juu, kimefungwa kwa kamba ya usumba kwenye paa.

Basi ndugu yangu, arubuni si yako mpaka mgeni alale. Yangu siku hizi iko kwenye akaunti ya peke yake, na kadi yake anaificha mke wangu. Na anayetaka kurudishiwa, mwombe kwanza asogeze tarehe. Wengi wa wale wa Julai walikubali; walikuwa wanaona aibu kudai kuliko mimi kudaiwa.

Somo la pili nilichelewa kulielewa. Tanzania ilifungua anga tarehe 18 Mei 2020. Tukafagia, tukapaka chokaa, tukakaa barazani. Hola! Kumbe anga ina milango miwili, na funguo wa ule wa pili anao mwenzio: mgeni kama kwao hawajamruhusu kutoka, au akirudi anawekwa karantini, haji. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020 wakawa 260,644. Mama aliyekuwa akiniuzia pweza kila bamvua alirudi kwenye mwani, nami sikuwa na la kumwambia.

Kisha wakaja Warusi, kwa ndege za kukodi, moja kwa moja. Jirani yangu akaandikisha kibao cha Kirusi mlangoni. Aprili 2021 Urusi ikasimamisha safari za huku. Kibao bado kipo.

Ndiyo maana kila anayeweka nafasi namuuliza: unapanda ndege gani, unapitia wapi? Naandika daftarini. Nikiona nusu ya msimu wangu inashuka kwenye ndege moja, vyumba viwili nawatengea watu wa Dar, kwa bei ya shilingi. Hao huja na boti. Wanabana bei mpaka unatoka jasho, na watoto wao hujaza mchanga bafuni, lakini Agosti 2020 wao ndio walionilipia umeme.