Fundi anajibu: gari lililala salama, kioo kimeamka kimevunjika

Ujumbe mwingi nilioupata mwezi huu unasimulia kisa kilekile. Gari limelazwa mahali kwa wiki au miezi, mwenyewe anarudi na kukuta kioo cha pembeni kinaning'inia, kina ufa au hakipo kabisa. Nimechagua saba. Mlioandika "fundi, kioo cha gari langu bei gani?" bila kutaja hata aina ya gari, jibu lenu liko mwisho.

Naishi Uingereza. Mimi na mume wangu tuna motohomu ya Fiat Ducato ya 2012, lile gari lenye vitanda na jiko ndani. Wakati wa baridi tunalilaza kwenye banda la mkulima kwa malipo. Tumeenda kulichukua, tumekuta kioo cha upande wa dereva kimevunjika shingo, kimeshikiliwa na waya tu. Kioo chenyewe hakina hata mkwaruzo. Mkulima anasema trela "liligusa kidogo". Mume wangu anataka kupiga gundi na tepu ili tusafiri Pasaka. Inafaa?

Haifai, dada, na mwambie shemeji nimesema hivyo.

Shingo ndiyo inayobeba mzigo wote wa kioo. Kwenye motohomu mara nyingi mkono wa kioo ni mrefu kuliko wa gari la mizigo la aina hiyohiyo, kwa sababu chumba cha nyuma ni kipana na dereva lazima aone pembeni mwake. Mkono ukiwa mrefu, upepo na mtikisiko vinapata nguvu zaidi pale kwenye maungio. Gundi itashika vizuri mkiwa mmeegesha. Itaachia barabara kuu, siku lori kubwa litakapowapita kwa kasi, na kioo kitamfuata aliye nyuma yenu.

Habari njema ni kwamba gari lenu lina spea nyingi. Ducato ya umbo hilo ilianza 2006, na Peugeot na Citroën wanatoa ndugu zake wa mwili uleule, kwa hiyo vioo vyake si adimu. Vinauzwa vizima na vinauzwa vipande: kioo kikubwa cha juu, kidogo cha chini chenye mbinuko, kava ya mgongoni, taa ya indiketa. Kingekuwa kimepasuka kioo peke yake mngenunua kipande. Ikivunjika shingo, nunueni kizima. Kabla ya kulipa pimeni mkono, kwa maana iko mifupi, ya kati na mirefu, na mkono mfupi kwenye motohomu pana utawaonyesha ubavu wa gari lenu wenyewe. Angalieni pia kama cha zamani kilikuwa cha umeme na chenye kipasha joto, na mhesabu pini za plagi.

Sasa waya. Kioo kilichoning'inia kwa muda huvuta nyaya hadi kwenye plagi iliyo ndani ya mlango. Kwa nje ganda litaonekana zima. Chukua kila waya, upitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukifika mahali panapojikunja kirahisi kama mrija mtupu, shaba imekatika humo ndani. Chomekeni kioo kipya kwenye plagi na mjaribu swichi zote kabla ya kufunga bolti hata moja. Na mkishabandua pambo la ndani ya mlango, karatasi ya nailoni iliyogundishwa nyuma yake irudishwe na igundishwe vilevile. Mafundi wengi huitupa, kisha mwenye gari anakuja kulalamika kuwa maji ya mvua yanaingia miguuni.

Msisafiri kabla ya kutengeneza. Kwenye MOT, ule ukaguzi wa magari wa huko Uingereza, kioo cha nje upande wa dereva ni cha lazima, na cha pili kinaweza kuwa cha ndani au cha upande wa abiria. Motohomu yenye ukuta nyuma haioni kitu kwa kioo cha ndani, kwa hiyo nyinyi mnahitaji vyote viwili vya nje, tena vizima.

Nanyi hamkuuliza, lakini nawaambia: mpigieni mkulima leo. Amekiri kwa mdomo kwamba trela lilikigusa kioo. Apate picha, apate bei ya spea, aandike kwa ujumbe kwamba atalipa. Baada ya mwezi trela hilo halitakuwa limegusa kitu.

Noah yangu niliiacha kwa jirani Mbezi nikiwa masomoni. Kioo cha kushoto kina ufa katikati, kava ni nzima. Fundi wa vioo wa barabarani anasema atanikatia kioo kipya abandike, dakika kumi. Nimpe kazi?

Usimpe. Hapa naomba mnisikilize wote, maana nimelisema mara nyingi na bado kila wiki naona gari lenye kioo cha kabati la nguo.

Kioo kinachokatwa pale barabarani ni bapa. Kioo cha kushoto cha Noah kina mbinuko mdogo ambao kwa jicho huuoni mpaka uweke rula juu yake. Mbinuko huo ndio unaokupa upana wa kuona. Nilifanya jaribio uwani kwangu, Noah mbili kando kwa kando, moja ina kioo chake, nyingine ina cha kukatwa. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikamwambia kijana wangu ashike ndoo nyekundu na asogee pole pole upande wa kushoto, kutoka nyuma ya gari kuja mlangoni. Kwenye kioo halisi niliiona ndoo muda mrefu sana, mpaka ilipokuwa karibu kuingia kwenye kona ya jicho langu. Kwenye kioo bapa ndoo ilipotea yeye akiwa bado nyuma ya gurudumu la nyuma, akatembea hatua kadhaa simwoni kabisa. Mahali pale pale alipopotea ndipo bodaboda anapopita kushoto kwako kwenye foleni, na mara nyingi ana abiria nyuma.

Kuna jambo la pili. Kioo chenye mbinuko huonyesha vitu vidogo na mbali kuliko vilivyo. Ndiyo maana Marekani sheria inataka kioo cha aina hiyo upande wa abiria kiwe na maandishi ya kuonya kwamba vitu viko karibu zaidi ya vinavyoonekana. Macho yako yamezoea kipimo hicho kwa miaka. Ukibadilishiwa upande mmoja kimyakimya, unakadiria umbali vibaya bila kujua kwa nini.

Nunua kioo chenye kibebeo chake cha plastiki, kile kinachobana kwenye mota kwa vishikizo. Kukitoa cha zamani, bandika tepu juu ya ufa, vaa glavu, sukuma kioo kiinamie ndani upande mmoja, kisha ingiza kipande cha plastiki upande uliojitokeza na ubanjue taratibu. Usitumie bisibisi ya chuma. Kama lazima ubandike juu ya kibebeo cha zamani, epuka silikoni yenye harufu ya siki. Ile asidi inakula rangi ya fedha nyuma ya kioo, na baada ya miezi utaona madoa meusi yanatambaa kutoka pembeni.

Naweza kuendesha na kioo kimoja mpaka mshahara utoke?

Hapana.

Arusha. Land Cruiser ya watalii ililala masika yote, Aprili na Mei. Tawi liliangukia kioo. Hakikuvunjika ila sasa kinatetemeka barabara mbovu mpaka dereva haoni kitu. Tubadilishe?

Msibadilishe kabla ya kukaza. Kama ni vile vioo vya mkono wa chuma, fungua maungio, toa kutu na matope, angalia washa (vile vibati vya duara vya kwenye bolti) kama hazijapinda, rudisha, kaza. Mkono ukiwa umepinda unyoosheni ukiwa nje ya gari, si ukiwa mlangoni, mtapasua bati la mlango. Tawi likipiga kioo huwa limegusa na kingo za mlango, kwa hiyo chunguzeni rangi iliyopasuka kuzunguka bolti kabla kutu haijaanza.

Na gari linalolala masika msililaze chini ya mwembe.

Gari kutoka Japani. Lilikaa miezi minne. Nikilifunga kwa rimoti kioo cha kulia kinalia krrrr, hakikunji wala hakifunguki vizuri. Fundi anasema nibadilishe kisanduku cha umeme. Ni kweli?

Sauti hiyo ni jibu tosha. Mota inazunguka, maana yake umeme umefika. Kinacholia ni meno ya gia ya plastiki, yameisha au yameruka mahali pake. Mara nyingi kuna mtu alikisukuma kioo kwa nguvu akipita pembeni, na gari lililoegeshwa kwenye uwanja wa watu husukumwa sana. Kwanza kikunjue kwa mkono taratibu mpaka usikie kimekaa, kisha ukunje na kufungua kwa swichi mara mbili tatu. Kisipotulia, badilisha mota ya kukunjia au kioo kizima cha mtumba. Kisanduku cha umeme mwachie fundi huyo.

Nairobi. Niliacha gari mahali pa kuegesha wiki mbili, vioo vyote viwili vimeng'olewa. Jamaa mmoja anasema anaweza "kunitafutia" kwa nusu bei, tena vinafanana kabisa na vyangu. Nichukue?

Vinafanana kwa sababu huenda ndivyo vyako.

Usichukue, ndugu. Kununua mali unayojua au unayoshuku ni ya wizi ni kosa la jinai, Kenya na Tanzania pia. Na mbali na sheria, wewe ndiye unayemlipa mtu aje tena Ijumaa ijayo. Watu wema wanaogopa kesi na bado wanalipa, kisha wanashangaa wizi hauishi. Nunua kwa muuzaji mwenye duka na risiti, hata kama ni mtumba. Halafu siku hiyohiyo chora namba ya gari kwenye kioo na kwenye kava, vyote viwili. Wengi huchora kioo peke yake, na mwizi anabadilisha kioo na kuuza kava.

Dar. Nililipia yadi ya kuegesha, nikaacha na funguo. Kioo kimevunjwa. Wananionyesha kibao: "Magari yanaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe." Bima yangu ni ndogo. Nimeisha?

Bima ndogo hailipi gari lako mwenyewe, hilo ulilijua ulipoinunua.

Kuhusu kibao, usikubali haraka. Kukodi nafasi na kubaki na funguo zako ni jambo moja. Kumkabidhi mtu gari na funguo akalisogeza anavyotaka ni jambo jingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwangalifu wa kawaida angetunza ya kwake. Waandikie barua, ambatanisha risiti ya malipo, picha na bei ya spea. Wakigoma, muulize wakili kama madai yanastahili kwenda mahakamani.

Swali langu kwako: una picha ya kioo kikiwa kizima siku unaliacha? Mara zote watu hawana. Piga picha nne za pembe za gari na mbili za vioo mbele ya mlinzi, mwombe aandike kwenye risiti "vioo viwili vizima", asaini. Nimeona madai mazuri yakifa kwa kukosa mstari huo mmoja.

Fundi, kioo cha gari langu bei gani? (Mmeuliza hivi watu kumi na wanne.)

Siwezi kujibu, na muuzaji wa spea wa mtaa wa Gerezani, Dar, akikujibu bila kukuuliza kitu, ondoka. Nipe aina na mwaka wa gari, namba ya chesisi, upande uliovunjika ukiwa umekaa kwenye usukani, na idadi ya nyaya kwenye plagi. Gari moja linaweza kuwa na vioo vya nyaya tatu, tano au zaidi, kutegemea kama vinakunjika, vina taa au vina joto. Geuza pia kava uangalie herufi ndogo ndani yake, zinataja aina ya plastiki. Ikiandikwa ABS, ufa mdogo unaweza kuungwa. Ikiandikwa PP, gundi za kawaida hazishiki, usipoteze hela.

Andikeni upya na hayo yote, nitawajibu mmoja mmoja.